Korongo wa Mguu Mmoja

Pikipiki ilipanda ngazi.

Si kando ya ngazi. Ngazi zenyewe, za jengo la kuegesha magari, na aliyeiendesha alikuwa ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Nyuma yake Pasi alikuja kwa miguu, maana gari alilopewa na ofisi lilikuwa limezimika kwenye taa za barabarani. Serikali ikikupa bastola, hukupa mpya. Ikikupa gari, hukupa lililokwisha kusahau kazi yake.

"Uko wapi?" Sauti ya kike ikauliza kwenye kidude cha sikioni.

"Ngazini."

"Na gari?"

"Limestaafu, Shangazi."

"Basi usinipumulie sikioni. Mkamate."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Alikuwa mkuu wa idara, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, na jina hilo alipewa kwa sababu alijua nani kalala kwa nani, mji huu na miji ya jirani. Yeye naye ndiye aliyempachika kijana wake jina la Pasi, kwa kuwa siku ya kwanza kazini alifika na mikunjo ya suruali inayoweza kukata mkate.

Ghorofa ya tatu pikipiki ilikutana na oili iliyomwagika. Ikalala ubavu, ikateleza, ikabusu nguzo. Mtu akarukia huku, kisanduku kikarukia kule.

Pasi akachomoa Glock.

Mtu yule alikuwa amekwisha simama. Alikuwa anakimbia kuelekea lifti, na kati yake na mdomo wa bastola alikuwepo mama mmoja na mifuko yake ya sokoni, amepigwa butwaa, nyanya zinabiringika miguuni mwake.

Pasi akaishusha bastola.

Lifti ikafunga mdomo.

"Pole, mama," akasema. Akamwokotea nyanya mbili. Kisha akaokota kisanduku.

Ndani kulikuwa na mahameli ya bluu, na juu ya mahameli sarafu. Si ya duara. Ya pembe nne, imezungukwa na meno madogo madogo, mfano wa stempu iliyonyofolewa kwenye karatasi. Katikati alisimama korongo.

Pasi alivunja kikasha chake cha plastiki, akaitoa, akaiweka juu ya ncha ya kidole, akaigonga kwa ufunguo.

Tap.

Akaigonga tena.

Tap.

Fedha safi haisemi tap. Fedha huimba. Pasi alilijua hilo tangu hajaota ndevu. Kwenye kiwanda cha sarafu cha nchi ile kulikuwa na mazoea ya miaka mingi: mchongaji aliruhusiwa kwenda na sarafu ya kwanza nyumbani kwake, jioni moja tu, familia iisikie. Mjomba wake angeiweka juu ya kidole, angeigonga kwa kijiko cha chai, na wavulana wawili chini ya meza wangefumba macho, kushindana nani atakayeisikia mpaka mwisho wa mlio wake. Mmoja alikuwa Pasi. Wa pili alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba. Binamu ndiye aliyeshinda kila mara. Labda alikuwa na masikio mazuri. Labda alikuwa mwongo mzuri. Kazi aliyokuja kuifanya baadaye ilihitaji yote mawili.

Sarafu hii ilikuwa na uwazi tumboni. Na kwenye uwazi huo kulikuwa na kitu.

Lakini si hilo lililomfanya Pasi akae chini, juu ya tangi la pikipiki iliyolala, suruali yake ya mikunjo ikipata doa la kwanza mwaka ule. Ni jicho la korongo. Lilichongwa kwa mipigo miwili ya patasi, wa kwanza mzito, wa pili mwepesi kama anayeomba radhi. Alikuwepo mtu mmoja tu duniani aliyechonga jicho la ndege namna hiyo.

"Pasi! Umempata?"

"Ametoroka. Mzigo ninao."

"Ni nini?"

"Korongo, Shangazi. Kameza sikio."

*

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana msomaji naye ana haki ya kupumua.

Zamani, nchi ile ilichapisha stempu ya korongo. Mchoraji alimchora ndege na miguu miwili, kama Mungu alivyomuumba. Bamba moja la kuchapia likachakaa, mguu mmoja ukapotea. Mchapaji hakushtuka. Mkaguzi hakushtuka. Korongo si kawaida yake kusimama kwa mguu mmoja? Stempu zikauzwa, barua zikaenda, na walipokuja kugundua zilikuwa zimebaki chache sana. Basi kosa likawa hazina. Ndivyo ulivyo ulimwengu: mtu akikosa mguu anaitwa kilema, stempu ikikosa mguu inawekwa kwenye jumba la makumbusho.

Mwaka ule mawaziri wa posta wa nchi jirani walikuwa wanakutana kwenye hoteli kubwa ya mji. Kila mmoja angekabidhiwa korongo wa fedha ndani ya kasha, ampelekee rais wake. Sasa jiulize, nani atajisumbua kumsikiliza waziri wa posta? Hakuna, hata mkewe. Lakini rais akipewa kitu kizuri cha fedha hukiweka wapi? Mezani. Ile meza ambayo juu yake vita huamuliwa, na kinasa sauti tumboni mwa korongo kingesikia kila neno.

"Sherehe ni alasiri hii," Shangazi akasema. "Nikiizuia, wageni watauliza kwa nini. Nikiwaambia kwa nini, nani ataamini kwamba si sisi tuliowatega?"

"Tuzibadilishe kimyakimya."

"Kwa zipi? Vyuma vya kugongea sarafu vilivunjwa mbele ya mashahidi. Zilizobaki kwenye kabati la kiwanda ni tatu. Na zile za kwenye makasha zimefungiwa kwenye plastiki, ukivunja umevunja. Lazima tujue ni zipi. Na nani kaichonga hiyo uliyoishika?"

Pasi alilitazama jicho la korongo.

"Nimekuuliza, Pasi."

"Mjomba."

Shangazi alijua mjomba yupi.

*

Karakana ya wachongaji ilikuwa ghorofa ya juu ya kiwanda, upande wenye mwanga. Wenzake wote walikuwa wameshatangulia hotelini. Mzee alikuwa peke yake kwenye meza yake, aproni ya ngozi juu ya suti, mbele yake patasi zimepangwa kwenye ubao wenye matundu, kubwa kwa ndogo, kama watoto wanaopigwa picha ya shule. Kwenye meza kulikuwa na glavu nyeupe na kitambaa cheupe cha pamba. Kwa kawaida ya kiwanda, mchongaji ndiye huzipangusa sarafu mara ya mwisho mbele ya wageni kabla hazijakabidhiwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatweta? Ofisi yenu imeishiwa magari?"

"Imeishiwa."

"Na suruali hiyo? Leo umepigwa pasi na nani, na fundi makanika?"

Mzee akacheka. Pasi akaiweka sarafu mezani. Kicheko kikaisha.

"Inasema tap," Pasi akasema.

"Hiyo ni ya majaribio, nilimpa tarishi wao aipeleke. Nilijaribu nta. Nikajaribu madini ya risasi. Ukifanya uzito ulingane, mlio unagoma." Akaisukuma sarafu kwa ncha ya kucha. "Fedha haina adabu. Haijui kunyamaza inapoambiwa."

"Ziko ngapi, mjomba? Na ziko kwenye makasha yapi?"

"Kaa kwanza."

"Sina muda wa kukaa."

"Mwenzio akikanyaga ardhi hii, nitakutajia makasha yote. Kabla ya hapo nikamateni. Ninyongeni. Sina neno."

Mwenzio. Hivyo ndivyo mzee alivyomwita mwanawe kila alipoongea na Pasi. Mwenzio kala? Mwenzio karudi?

"Mwenzangu yuko safarini, mjomba. Kazi ya nje. Si anawaandikia?"

Mzee akavuta droo. Akatoa kadi za posta, akazipanga mezani upande wa stempu, taratibu, kama mcheza karata aliyekwisha jua kwamba ameshinda na ushindi wenyewe haumsaidii.

"Huyo fundi wenu wa kughushi, mwambie mwandiko ameupatia. Mpaka mama yake, mkaza mjomba wako, alilia. Stempu pia ni za kweli. Hii ya mji wa bandari. Hii ya kisiwani. Hii ya milimani huko. Haya, chukua lenzi, tazama mihuri ya posta."

Pasi akatazama.

"Unaona pengo hapo kwenye duara? Kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Sasa tazama hii. Na hii." Sauti ya mzee haikupanda. "Miji mitatu, muhuri mmoja. Mimi nisingeona, mwanangu. Lakini miezi yote hii kazi yangu ilikuwa kuchungulia stempu, nimtoe korongo kwenye karatasi nimtie kwenye fedha. Macho yakazoea. Nikarudi nyumbani, kadi ziko kwenye kioo cha kabati, mama yake kazichomeka hapo aziangalie akichana nywele. Nikachungulia kwa mazoea tu."

Pasi alinyoosha mgongo. Kilio kingine hakihitaji machozi. Kinahitaji mtu akae wima.

"Nikajiuliza. Serikali yenye kazi zote hizi, kwa nini imwandikie mzee kadi? Nikapata jibu. Mwanangu kafungwa, nao wanaona aibu kusema. Haikupita wiki, akanijia yule mkusanyaji wa stempu, mgeni, wanamwita Gundi. Akaniwekea hii."

Ilikuwa saa. Casio ya kawaida, ya plastiki, mkanda wake ulikatika zamani ukaunganishwa kwa waya wa fedha. Waya ule mzee aliusokota mwenyewe.

"Akasema, mwanao yu hai, yuko gerezani kwetu, nchi yako imemkana. Nichongee, nami nitamleta mpakani." Mzee akaigeuza saa. "Nisingechonga? Wewe niambie. Wewe ungekuwa mimi, usingechonga?"

Simu ya Pasi ikatetemeka. Akatoka hadi kwenye korido.

"Kasema?" Shangazi.

"Anamtaka mwanawe. Wamemwambia yu hai."

"Basi ni rahisi. Mwambie tumekubaliana nao, anakuja kesho. Mwambie umeongea naye kwa simu. Akishataja makasha, mengine tutayajua baadaye."

"Shangazi, mimi ndiye niliyemzika."

"Ndiyo maana atakuamini wewe."

Pasi aliegemeza paji la uso ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi, umepakwa rangi ya kijani ya serikali, ile ambayo hununuliwa kwa wingi wala haipendwi na mtu. Kwa miaka miwili alikuwa amekula kwa mjomba wake Jumapili baada ya Jumapili. Aliulizwa, "Mwenzio anasemaje?" Alijibu, "Anasalimu." Ile ilikuwa amri, nayo aliitii. Wakubwa walisema wakitangaza kifo watatangaza na kazi iliyomuua. Kwa hiyo maiti ikawa siri, siri ikawa kadi, kadi ikawa muhuri wenye pengo, na kwenye pengo hilo Gundi akapita na saa yake.

"Pasi? Umenielewa?"

Akazima simu.

Aliporudi ndani mzee alikuwa amesimama.

"Mjomba, vua miwani."

"Ya nini?"

"Vua tu, mjomba. Ninalokuletea lina machozi."

Mzee hakuivua. Alimtazama mpwa wake muda mrefu, kama anavyotazama bamba kabla ya kulitia patasi, akitafuta ufa.

"Hayuko gerezani," akasema mzee. Halikuwa swali.

"Hayuko."

"Yuko wapi?"

"Alipigwa risasi, mjomba. Mpakani, ule mwaka alioondoka. Nilikuwa naye. Nilirudi nyuma kumchukua, nikakuta wameshamvua saa. Nilimzika mimi."

Mzee akachukua kitambaa. Akaanza kuzipangusa patasi, moja moja, na kuzirudisha kwenye matundu yake. Kubwa kwa ndogo. Ya mwisho iligoma kuingia. Akaiacha.

"Kwa jina gani?"

"La mtu mwingine."

"Kafa papo hapo?"

"Hapana. Aliniuliza kama mto tumeshauvuka."

"Mlikuwa mmeuvuka?"

"Bado."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tumeuvuka."

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole. "Hapo ulifanya vyema," akasema.

Kisha kofi likaja. Halikutanguliwa na neno. Lilikuwa kofi la mkono uliopinda vyuma miaka thelathini, na Pasi aliona nyota ambazo mchana huwa hazionekani.

"Na sahani yangu uliyokuwa unailamba kila Jumapili! Ukinitazama usoni! Nakuuliza, unanijibu anasalimu! Anasalimu nini?"

"Nisamehe, mjomba."

"Sina pa kukusamehea sasa hivi. Pamejaa." Akavua aproni. Akaikunja, akaiweka juu ya kiti kama anayeacha kazi. "Ziko tatu. Kasha la kwanza, la nne, na lile la mwisho kulia. Nenda kabatini uniletee zile nzima."

"Umeshanitajia, nitatuma mtu akazibadilishe."

"Atapanda jukwaani kwa kisingizio gani? Mwenye kupangusa ni mimi." Akavuta glavu moja. Vidole vilikataa kuingia, kila kimoja na njia yake. Pasi akamshika mkono, akamvisha, kidole kwa kidole, kama unavyomvisha mtoto asubuhi ya baridi.

*

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na zulia zito, viyoyozi vya kutosha kuhifadhi nyama, na mawaziri waliokuwa wanapiga miayo kwa heshima. Makasha yalipangwa kwenye meza ndefu jukwaani. Kwenye safu ya tatu alikaa mtu mwembamba mwenye suti ya kahawia na kifaa cha wasiosikia vizuri kwenye sikio la kushoto.

Gundi, kama mzee alivyomweleza.

Masikio yake yalikuwa mazima. Kile kifaa kilikuwa kinapokea sauti za korongo wake, na alikuwa anatabasamu kama mtu anayesikiliza mechi.

Pasi alisimama karibu na mlango, koti limefungwa kifungo kimoja. Simu aliiwasha.

"Ulinikatia," Shangazi akasema.

"Ndiyo."

"Umemwambia ukweli."

"Ndiyo."

"Akiharibu, Pasi..."

"Anapanda sasa. Nyamaza tumtazame."

Mzee alipanda jukwaani. Suti yake ilikuwa imempwaya tangu asubuhi ile. Mtu hupungua haraka. Akaliendea kasha la kwanza. Akatoa sarafu, plastiki yake na yote, akaifunika kwa kitambaa, akapangusa. Iliyoingia kwenye kitambaa haikuwa iliyotoka. Hata Pasi, aliyekuwa anajua, hakuona.

La pili. Hilo alipangusa tu.

La tatu.

La nne, mkono ukagonga ukingo wa kasha. Kitu kikalia ndani ya kitambaa, kidogo, plastiki kwa plastiki. Mzee akasita. Mabega yake yakaanza kutikisika. Machozi yalimshuka waziwazi, yakadondoka kwenye glavu, naye akaendelea kupangusa, kasha kwa kasha, mpaka la mwisho kulia.

Mshereheshaji hakuwa mtu wa kuacha nafasi ipite.

"Mabibi na mabwana, tazameni! Hayo ni machozi ya furaha ya fundi anapoagana na kazi ya mikono yake! Tumpigie makofi!"

Ukumbi ukalipuka. Mawaziri wakaamka. Waziri mmoja akasimama kabisa, akapiga makofi mikono juu, na wengine wakaona aibu kubaki wamekaa. Wakasimama wote. Watu wazima, wenye nchi zao, wakamshangilia mzee aliyekuwa anamlilia mwanawe kwa mara ya kwanza, na hakuwa na ruhusa ya kutoa sauti.

Pasi hakupiga makofi. Mikono aliihitaji.

Kwa sababu safu ya tatu, Gundi alikuwa ameacha kutabasamu. Alishika sikio lake. Sauti za ukumbi zilikuwa zimezibwa. Sasa alisikia kitambaa tu, kitambaa kikikwaruza kitambaa. Akamtazama mzee. Akaangalia mlango.

Akainuka.

"Anatoka," Pasi akasema.

"Bila kelele," Shangazi akajibu.

Korido ya nyuma ilikuwa na mikokoteni ya mashuka na harufu ya sabuni. Gundi alikuwa anatembea haraka, mgongo wima.

"Samahani, bwana. Choo ni huku?" akauliza, bila kugeuka.

"Kwenu hakuna?"

Gundi akageuka. Mkononi alikuwa na kibano, kile kirefu cha kushikia stempu, ncha zake zinang'aa kwa kitu kilichopakwa. Safari hii hakikuwa cha kushikia stempu. Akachoma. Pasi akapinda kiuno, ncha ikapasua koti na bitana, ikakosa ngozi kwa upana wa karatasi. Akachoma tena. Pasi akavuta shuka kwenye mkokoteni, akalizungusha kwenye mkono ule, akavuta. Kibano kikaanguka. Pasi akakipiga teke chini ya mkokoteni, akamgonga Gundi ukutani mara moja, kisha mara nyingine kwa ajili ya usalama wa taifa.

Gundi akateleza mpaka chini. Pingu zikalia.

"Mzee wenu atafia jela," akasema huku anahema. Hata katika hali ile alikuwa na uso wa mtu anayepima bei. "Kwa ajili ya maiti. Sasa nikuulize, kijana. Nani alimficha? Sisi? Nyinyi mngemwambia mapema, mimi ningempatia wapi?"

Pasi alikuwa na jibu. Lilikuwa ngumi, na baada ya kulitoa aliona kwamba halikuwa jibu.

"Shangazi," akasema. "Njooni mumchukue."

*

Mzee walimtolea mlango wa jikoni, wanaume wawili wa ofisi, mmoja kila upande. Hawakumfunga. Alikuwa bado na glavu. Kile kitambaa chenye korongo watatu alikuwa amekwisha mkabidhi mmoja wao, kakikunja vizuri, pembe kwa pembe.

Gari lilikuwa linanguruma. Alipofika mbele ya Pasi akasimama, nao wakamwacha.

"Utafungwa, mjomba," Pasi akasema. "Nitasema yote niliyonayo, lakini utafungwa."

"Nilichonga mwenyewe. Sikushikwa mkono." Akatazama chini. "Mkaza mjomba wako hajui lolote. Si hili, si lile."

"Najua."

"Nenda wewe. Usimwachie mtu wa ofisini aende na bahasha na maua. Nenda kabla jua halijazama, asije akaanza kuningojea dirishani."

"Nitakwenda."

Mzee akamshika bega, kidogo tu, akamwachia. Akapanda gari. Mlango ukafungwa.

Pasi alitoka kwa mbele. Akashuka ngazi za marumaru bila haraka, mkono mmoja mfukoni, koti limechanika, shavu limevimba, na wapiga picha waliokuwa wanamsubiri waziri wakampisha bila kujua wanampisha nani.

"Karibu tena, bosi," mlinzi akasema.

Sikioni Shangazi alikuwa anaongea. Kazi nzuri. Wageni hawana habari. Gundi ameanza kuimba. Rudi ofisini tuandike.

"Nina mahali napita kwanza."

"Najua unapopita. Hiyo bado ni siri ya serikali, Pasi."

"Siri imeoza, Shangazi. Inanuka mpaka nje."

Alingoja amri. Haikuja. Kilichokuja ni sauti ya mtu anayevua miwani na kuiweka mezani, kisha laini ikakatika yenyewe.

Nyumba ilikuwa na geti la bluu na mlango usiofungwa mchana. Mkaza mjomba alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake, Singer ya miguu, futi ya kupimia shingoni, anapinda sare za shule. Alisikia hatua, hakuinua kichwa.

"Karibu, baba. Leo umekuja siku isiyo ya kula." Kisha akainua. "He! Koti limefanya nini?"

"Limenasa mahali."

"Lete."

"Liache tu, mkaza mjomba."

"Lete, nimesema. Utatembeaje mjini hivyo, watu waseme huna kwenu?"

Akamvua mwenyewe, akaliweka chini ya sindano, akazungusha gurudumu kwa mkono. Macho yake yakapita begani kwa Pasi, yakaenda mlangoni, yakarudi.

"Mjomba wako umemwacha huko? Kanisisitizia nisipike, anakuja na vya hotelini."

Pasi hakukaa. Kwenye kioo cha kabati palikuwa na alama za mahali kadi zilipokuwa zimechomekwa.

"Mkaza mjomba," akasema. "Nina habari mbili."

Mguu wa mwanamke ukasimama juu ya kanyagio. Alimtazama usoni, kwenye shavu lililovimba, na hakuuliza ni nani aliyempiga.

"Ipi ni ya mtu aliye hai?"

"Ya mjomba."

Mwanamke akakata uzi kwa meno. Akalitoa koti chini ya sindano, akalikunja, akaliweka mapajani mwake na kulishika kwa mikono miwili.

"Basi hiyo itangoja," akasema. "Niambie ya mwanangu."